Kitabu hicho cha pesa, unampa nani?

Ndugu mwenyekiti, waandishi wenzangu wa mambo ya fedha, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie vitabu na maandiko ya fedha binafsi ninayoyapenda kuliko mengine. Nimelipokea ombi hilo kwa furaha, maana hakuna swali ninaloulizwa na wasomaji mara nyingi kama hili: nianze kusoma nini? Nanyi pia mnaulizwa. Tunajibu haraka haraka, tunataja majina yale yale tuliyoyazoea, na muulizaji anakwenda zake. Hoja yangu leo ni kwamba jibu hilo halitoshi. Kila andiko la pesa liliandikwa mwaka fulani, likimlenga mtu mwenye kipato cha namna fulani, na mara nyingine liligharamiwa na mwenye maslahi yake. Kumpa msomaji jina la kitabu bila kumpa habari hizo ni kumsaidia nusu. Kwa hiyo kila nitakachokipendekeza hapa nitasema kinamfaa nani, na inapobidi nitasema pia nani asipewe.

Nianze na kile ambacho bila shaka wengi wenu mmeshakitaja: "The Richest Man in Babylon" cha George S. Clason, kilichotoka mwaka 1926. Hadithi zake zilianza kama vijitabu vidogo ambavyo benki na kampuni za bima ziliwagawia watu kwa wingi. Hilo halikifanyi kuwa kitabu kibaya, ila linaeleza kwa nini ujumbe wake mkuu ni kuweka akiba kisha kuikabidhi kwa wanaojua kuizalisha. Fungu linalonukuliwa na kila mtu ni lile la kujitengea sehemu ya kumi ya kipato kabla hujamlipa mwingine yeyote. Mimi ninalipenda zaidi fungu la Dabasir, mfanyabiashara wa ngamia, aliyerudi Babeli kutoka utumwani huku anadaiwa kila kona. Mpango wake ni huu: sehemu moja ya kumi ya kipato ni akiba, saba ni za kuendesha maisha, na mbili zinagawiwa wadai wote kwa haki. Kisha anawaendea wadai mmoja mmoja na kuwaeleza hali yake ilivyo. Wengine wanamwelewa, wengine wanamfokea. Mtu aliyezama kwenye madeni na anayekwepa simu za wanaomdai, mpe sura hiyo peke yake. Vitabu vingi vya pesa vinafundisha hesabu za deni. Namna ya kumkabili anayekudai haifundishwi mara nyingi, na ndiyo inayomkosesha mtu usingizi.

Hapo sasa tunaingia kwenye ubishi ambao umetugawa waandishi kwa miaka. Dawa ya deni ni kulipa, hilo hatubishani. Lakini mwenye madeni manne aanze na lipi? Dabasir alimpa kila mdai fungu lake. Waandishi wengi wa siku hizi wanasema anza na deni dogo, limalize, upate nguvu, halafu uhamie linalofuata. Wachumi wanasema anza na lenye riba kubwa, basi. Makala ninayoipenda kuhusu ubishi huu na mwingine wa aina yake ni ya James Choi, profesa wa fedha wa Chuo Kikuu cha Yale. Ilichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Journal of Economic Perspectives. Alivichukua vitabu 50 vya fedha binafsi vinavyopendwa na umma, akalinganisha ushauri uliomo na yale yanayofundishwa na wachumi. Akakuta vinatofautiana katika mambo mengi, kuanzia kiasi cha akiba cha kuweka ukiwa kijana hadi mpangilio wa kulipa madeni. Kilichonivutia ni heshima yake. Hawadharau waandishi wa umma. Anakubali kwamba ushauri wao, hata pale unapopingana na nadharia, huenda ukafuatwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu unamjali binadamu anayechoka na kukata tamaa. Makala hiyo simpi msomaji wa kawaida. Nawapa ninyi, muisome kabla ya kuandika tena kuhusu madeni.

Na kwa kuwa nimelitaja, niseme msimamo wangu. Utafiti wa David Gal na Blakeley McShane, uliochapishwa mwaka 2012, ulitumia kumbukumbu za watu waliokuwa wakilipa madeni yao kupitia kampuni ya usuluhishi wa madeni. Ulionyesha kwamba kufunga deni moja moja kabisa kuliendana na uwezekano mkubwa zaidi wa mtu kuyamaliza yote. Kwa hiyo wanaosema uanze na dogo hawabahatishi. Lakini angalia hesabu. Deni la riba ya asilimia 30 kwa mwaka linakula 30 katika kila 100 iliyobaki, na la asilimia 10 linakula 10. Pengo likiwa kubwa namna hiyo, kumwambia mtu aanze na la asilimia 10 kwa sababu tu ni dogo ni kumtoza kwa ajili ya furaha ya muda mfupi. Riba zikikaribiana, na aanze na dogo, atapata moyo. Zikiachana mbali, aanze na linalomuunguza zaidi. Naomba tuliandike hivyo, kwa masharti yake, badala ya kuchagua kambi na kuipigia debe. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Aliye kwenye matanga hayo hana haja ya ushabiki wetu.

Sasa nifike kwenye kitabu ambacho, mkiniambia nibaki na kimoja tu, nitabaki nacho. Kinaitwa "Portfolios of the Poor", cha mwaka 2009, kimeandikwa na Daryl Collins, Jonathan Morduch, Stuart Rutherford na Orlanda Ruthven. Hakina hata ukurasa mmoja wa kukuahidi utajiri. Watafiti walizitembelea familia zaidi ya 250 za kipato cha chini nchini Bangladesh, India na Afrika Kusini, wakarudi tena na tena, takriban kila wiki mbili kwa mwaka mzima. Kila mara waliandika pesa iliyoingia, iliyotoka, iliyokopwa, iliyokopeshwa, iliyofichwa ndani na iliyowekwa kwa jirani. Shajara za pesa, kwa neno moja.

Na shajara hizo zikasema mambo ambayo vitabu vya ushauri havikuwa vimeyasema. Hakuna familia hata moja iliyotumia njia pungufu ya nne za kifedha kwa mwaka, na wastani wa Bangladesh ulikaribia kumi: mikopo ya ndugu bila riba, vikundi vya kuweka na kukopa, mali kauli dukani, akiba kwa mtu anayeaminika, mikopo ya taasisi, na nyinginezo. Ukiangalia kiasi walichobakiwa nacho mwisho wa mwaka, utadhani hawana shughuli yoyote ya kifedha. Ukiangalia kiasi kilichopita mikononi mwao, utaona watu wanaofanya kazi ya uhasibu kila siku ya Mungu. Waandishi wanaeleza kwamba tatizo la familia hizo lina pande tatu kwa pamoja. Kipato ni kidogo, tena hakitabiriki, tena huduma za kifedha zilizopo hazikutengenezwa kwa ajili ya kipato cha namna hiyo. Upande wa pili ndio tunaousahau. Tunazungumzia kipato kidogo kila siku. Kipato kinachopanda na kushuka tunakipa aya moja mwishoni mwa makala.

Kitabu hicho kinawaonyesha pia watu wanaokopa ilhali wana akiba. Ukipiga hesabu kavu ni jambo la ajabu: kwa nini ulipe riba wakati pesa yako imekaa? Lakini sikiliza sababu zao. Deni lina mtu wa kulidai, kwa hiyo litalipwa. Akiba ukiivunja haina anayekudai uirudishe, na waliojaribu wanajua itachukua muda gani kurudi, kama itarudi kabisa. Mwenye akili hiyo huwezi kumwita mjinga wa fedha. Anazijua tabia zake na anailipia kinga. Tangu nisome kurasa hizo, msomaji akiniambia jambo la pesa linaloonekana halina mantiki, namuuliza kwanza linamsaidia nini.

Kitabu hicho mpe nani? Mpe kila anayeandika kuhusu pesa kabla hajashika kalamu. Mpe pia mtu wa kipato cha kubahatisha ambaye amejiona mzembe kwa sababu bajeti za vitabuni zinamshinda. Simpi mtu anayetaka hatua saba za kufuata, maana hatazipata.

Nikilinganisha na hapo, naikumbuka kanuni ya 50, 30, 20. Ilienezwa na Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi katika kitabu chao "All Your Worth" cha mwaka 2005. Nusu ya kipato baada ya kodi iende kwenye mahitaji ya lazima, asilimia 30 kwenye matakwa, asilimia 20 kwenye akiba na madeni. Warren alikuwa profesa wa sheria aliyetumia miaka mingi kuchunguza familia za Marekani zilizofilisika, na kanuni hiyo ilitokana na kuona gharama zisizoepukika zikizibana familia zenye mishahara. Ni kanuni nzuri kwa mwenye mshahara wa kila mwezi. Kwa asiyejua mwezi ujao utaleta nini, asilimia 50 ya kitu usichokijua ni nini? Mtu huyo ninamshauri apange matumizi ya lazima kwa kipimo cha mwezi wake mbaya kuliko yote katika mwaka uliopita, asitumie wastani. Kinachozidi katika miezi mizuri kiende kwanza kwenye mfuko wa kuvukia, yaani pesa ya kuziba miezi mibaya, na mfuko huo ukishatosha ndipo tuzungumze asilimia. Wastani unadanganya. Ukipata 200 mwezi huu na sufuri mwezi ujao, wastani wako ni 100, lakini mwezi ujao utalala njaa endapo mwezi huu umetumia zote.

Kitabu cha tatu ninachokigawa sana ni "Your Money or Your Life" cha Vicki Robin na Joe Dominguez, cha mwaka 1992. Kazi yake kubwa ni zoezi moja. Chukua malipo yako, toa gharama zote zinazosababishwa na kazi yenyewe, kisha gawa kwa saa zote ambazo kazi inakula, pamoja na safari na muda wa kujitayarisha. Mtu analipwa 600 kwa wiki ya saa 40, anadhani anapata 15 kwa saa. Toa 150 za nauli, mavazi na chakula cha kununua kwa kukosa muda, zinabaki 450. Ongeza saa 20 za safari na matayarisho, saa zinakuwa 60. Kumbe anapata saba na nusu. Kila anachonunua kuanzia hapo anaweza kukihesabu kwa saa za uhai wake. Nimewaona watu wakibadilika kwa zoezi hilo bila kuhubiriwa.

Lakini mwaka wa kitabu ni muhimu. Toleo la kwanza lilimwelekeza msomaji aweke akiba yake kwenye hatifungani za muda mrefu za serikali ya Marekani, yaani aikopeshe serikali hiyo kwa miaka mingi, aishi kwa riba. Mwaka 1992 hatifungani za miaka 30 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 7. Mwaka 2020 riba yake ilishuka hadi chini ya asilimia 2. Mpango uleule, maisha tofauti kabisa. Robin mwenyewe alilirekebisha toleo la 2018, akaongeza mifuko inayofuata faharisi ya soko, yaani inayonunua hisa za kampuni zote zilizo kwenye orodha fulani ya soko bila kuchagua. Kwa hiyo ukimpa mtu kitabu hiki, mwambie ni toleo lipi.

Hali ni hiyo hiyo kwa ile kanuni ya asilimia 4 ya kustaafu, inayosema mstaafu atoe asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka atoe kiasi hicho kikiongezwa kwa mfumuko wa bei. William Bengen aliitoa mwaka 1994 kwa kutumia kumbukumbu za masoko ya Marekani kuanzia 1926, akimfikiria mstaafu anayehitaji pesa idumu miaka 30. Leo inatajwa kwa vijana wanaotaka kuacha kazi wakiwa na miaka 35, na kwa watu wa nchi ambazo masoko yake hayakuwahi kuwa na historia hiyo. Makala ya Bengen ni fupi na inasomeka. Tuisome yenyewe, tuache kunukuu walionukuu. Nacho "The Millionaire Next Door" cha Thomas Stanley na William Danko, 1996, kina picha nzuri ya matajiri wasiojionyesha. Ila mkumbushe msomaji kwamba waliohojiwa ni waliofanikiwa. Waliobana matumizi vilevile na biashara zao zikafa hawakuwemo.

Kuhusu uwekezaji sitakaa sana, kwa sababu hapo maandiko mazuri yanakubaliana kuliko yanavyobishana. "A Random Walk Down Wall Street" cha Burton Malkiel, 1973, kilihoji uwezo wa wataalamu kulishinda soko. Mwaka 1976 John Bogle akaanzisha mfuko wa kwanza wa faharisi kwa wawekezaji wa kawaida. Ulitarajiwa kukusanya dola milioni 150, ukaambulia kama milioni 11. Somo ninalotaka msomaji aondoke nalo ni la ada wanazotoza wasimamizi wa mifuko. Pesa 100 ikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, baada ya miaka 30 inafika 761. Ada ikiondoa asilimia 2 kila mwaka, inafika 432. Tofauti hiyo yote imekwenda kwa watu wengine. Mtu akiielewa hesabu hii moja, anaweza kusubiri kabla ya kusoma mengine.

Naomba niseme jambo la wazi kuhusu sisi. Helaine Olen aliandika "Pound Foolish" mwaka 2012, akiichambua biashara ya ushauri wa fedha: nani anamlipa nani, na ushauri unapindishwaje na malipo hayo. Kinauma kukisoma, na ndiyo sababu nakipendekeza kwetu. Mmoja wa watu walioguswa na kazi yake ni Harold Pollack, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago. Baada ya kumhoji Olen, mwaka 2013, Pollack aliandika ushauri wote wa msingi wa fedha kwenye kadi moja ndogo, akaipiga picha, ikasambaa sana. Kama yaliyo muhimu yanaenea kwenye kadi, basi sisi tunaoandika kila wiki tuna wajibu wa kueleza tunaongeza nini. Jibu langu ni kwamba tunaongeza kumjua msomaji wetu. Kadi haimjui. Na pale tunapopata kamisheni kwa kumwelekeza mtu kwenye mkopo, programu au mfuko, tuseme mwanzoni mwa makala, kwa sentensi ambayo hata mtu mwenye haraka ataiona.

Kwa namna ya kuandika, mwalimu wangu ni Sylvia Porter. Alianza kuandika kuhusu fedha katika New York Post mwaka 1935. Kwa miaka kadhaa jina lake lilichapishwa kwa herufi za kwanza tu, S. F. Porter, msomaji asijue kwamba ni mwanamke. Alizichukua habari za hatifungani na riba, zilizokuwa za watu wa benki peke yao, akaziandika ili mtu wa kawaida azielewe. Kabla yake, huko Japani, mwandishi wa habari Hani Motoko alikwishatoa mwaka 1904 daftari la hesabu za nyumbani, liitwalo kakeibo, na hadi leo watu wanaandika matumizi yao kwa mfano wake. Wote wawili hawakuwa mawakala wa kuuza bima wala hisa. Walikuwa waandishi, kama sisi.

Kabla ya kumpa mtu chochote kati ya hivi, jua yuko wapi. Maswali matatu ya wachumi Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, ya kupima uelewa wa fedha, yanatosha. La kwanza linahusu riba: 100 kwa asilimia 2, baada ya miaka mitano itakuwa zaidi ya 102, sawa, au pungufu? La pili linahusu bei: akaunti ikilipa asilimia 1 na mfumuko wa bei ukawa asilimia 2, mwaka ukiisha utanunua zaidi au pungufu? La tatu: hisa za kampuni moja ni salama kuliko mfuko wenye hisa za kampuni nyingi? Walipowauliza Wamarekani wa zaidi ya miaka 50 mwaka 2004, ni kama theluthi moja tu walioyapata yote. Swali la pili ndilo ninalolijali zaidi. Tumelelewa na usemi kwamba akiba haiozi, na watu wengi waaminifu wanaitunza pesa taslimu miaka kumi wakiuamini. Pesa taslimu inaoza, polepole na bila harufu. Aliyekosea swali hilo usimpe kitabu cha hisa. Mweleze kwanza bei zinavyokula akiba.

Lipo andiko moja ambalo sijalipata popote, na ndilo ninalotaka tulianze pamoja: shajara za pesa za wasomaji wetu wenyewe. Kila mmoja wetu atafute familia tatu zilizo tayari, bila kutaja majina yao, na kila wiki mbili kwa mwaka mmoja aandike kilichoingia, kilichotoka, kilichokopwa na kilichokopeshwa. Apate mwenye mshahara, mwenye biashara ndogo, na mwenye vibarua. Nimeandaa karatasi ya kujazia, ina safu sita tu, ziko mezani pale mlangoni. Anayetaka kushiriki achukue tatu na aandike jina lake kwenye orodha, ili tukubaliane wiki ya kuanzia kabla hatujatawanyika.

Ahsanteni. Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.